Sikumgeuza Panzi

Jumanne, 1 Julai 2025

Nimefika chumbani kwangu, mtaa wa Soweto, jua linazama, vumbi mpaka kwenye kope. Nimeoga na bado nanuka majani makavu.

Asubuhi bosi, Bwana Aristides, aliniita ofisini. Kuna video inazunguka kwenye magrupu: tambarare ya magharibi mwa mlima, wadudu wanaruka kama maji yanayochemka. Akasema: nenda kaangalie, Aikande, wewe ndiye tuliyekusomesha wadudu. Ni kweli. Mwaka jana ofisi ilinipeleka mafunzo ya kutofautisha panzi na nzige. Nilirudi na cheti na lenzi ndogo ya kukuzia.

Mimi na dereva wa ofisi tukapita Bomang'ombe, Sanya Juu, tukashuka kule ambako mlima unakuonyesha mgongo wake. Kijiji kizima kilikuwa kinangoja. Wale watu hawana utani na jambo hili. Mwaka 2021 waliona nzige wenyewe, wingu zima, jua likafifia. Ukitaja nzige kule, watu hawakai kitako.

Na wadudu walikuwa wengi kweli! Wachanga, mabawa bado, rangi ya kahawia, mstari mweusi ubavuni. Ukipiga hatua wanafumka mbele yako. Wamejaa zaidi kwenye eneo moja la majani marefu mazuri, limezungushiwa miiba.

Watu wakanizunguka. Simu zimeinuliwa, wananirekodi. Mwenyekiti wa kijiji akauliza: mtaalamu, ndio wenyewe? Na bosi naye kwenye simu, sikioni: Aikande, ni nzige au si nzige? Jibu moja tu, nipeleke taarifa juu.

Nikasema: Ni nzige. Hawa ni tunutu, nzige wachanga, hawajaota mabawa.

Wanawake wakashika vichwa. Mimi nikasimama wima kama daktari aliyetoka chumba cha upasuaji. Lazima nikiri, nilijisikia vizuri.

Nimekusanya wachache kwenye kichupa cha spiriti, kwa ajili ya kabati la ofisi.

Kuna kitu kinanikera tangu jioni, sijui nini. Labda njaa.


Alhamisi, 3 Julai

Wamechoma leo.

Dawa ingechelewa kufika, na mwenyekiti alisema hawawezi kukaa wakisubiri tunutu waote mabawa. Wakaniuliza kama moto unafaa. Nikasema unafaa, mkiweza kuuzuia usivuke. Wakalima njia ya kuzuia moto, vijana wakashika matawi mabichi, kila kitu kikafanyika vizuri. Haukuvuka hata kidogo.

Lile eneo la miiba lina wenyewe. Ni la mzee Yoramu, mfugaji, na mkewe wanayemwita Mama Kindness. Wanalitunza tangu mvua ziishe, hawaruhusu hata mbuzi kuingia, ili ndama na ng'ombe wenye maziwa wapate cha kula Agosti na Septemba wakati kwingine kumebaki udongo. Kumbe mama ni Mmachame kama mimi, aliolewa huko chini akiwa msichana! Alivyosikia jina langu akanigeukia kwa Kimachame. Nimempa shikamoo, akanishika mikono yote miwili, akaniuliza mimi ni wa ukoo gani.

Kisha akaniuliza, polepole: Tuchome yote, mwanangu? Au tuache upande ule wa bondeni?

Nikamwambia yote, mama. Wakibaki wachache wataongezeka.

Akaitikia kwa kichwa. Mzee Yoramu alipokea kijinga cha moto, akawasha mwenyewe. Sikuwa tayari kwa jambo hilo. Nilidhani vijana ndio watawasha.

Majani yale yaliwaka kwa sauti kama mvua ya mawe juu ya bati.


Ijumaa, 4 Julai

Pongezi. Bosi kasoma jina langu mbele ya wote kwenye kikao. Chai na maandazi. Kuna mtu kanipiga picha.


Jumapili, 6 Julai

Machame, nyumbani. Sikujua Baba amepanga nini.

Baada ya mahubiri Mchungaji akasema kuna shukrani. Baba akasimama. Koti lake la kahawia, lile la harusi ya kaka. Akaenda mbele na mkungu wa ndizi, akasema anamshukuru Mungu kwa binti yake Aikande ambaye Mungu amemtumia kuokoa mifugo ya watu wa tambarare wasiliwe malisho na nzige. Kanisa likapiga makofi. Wakaniita niende mbele. Nikaenda.

Nyumbani tulikula mtori, supu yetu ya ndizi na nyama. Baba kila jirani akipita barabarani anamwita aingie kihambani, kwenye migomba yetu, amhadithie. Kila akihadithia, nzige wanaongezeka. Mpaka saa kumi walikuwa wameshafunika mbingu.

Nilicheka naye. Lakini lile linalonikera lilikuwepo pale pale.


Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba

Sijui nianzie wapi.

Sikukuu, ofisi imefungwa, sina pa kwenda. Nikasema nipange wale wadudu, niwabandike vizuri, niandike majina. Nikakaa mlangoni penye mwanga. Nikamtoa mmoja kwa koleo, nikachukua lenzi.

Uso. Uso wake haukusimama. Nzige ukimtazama ubavuni, uso unashuka wima kama ukuta. Huyu uso wake umelala, kidevu kimerudi nyuma na paji limetangulia, kana kwamba mtu kampiga kisu cha mshazari. Na papasio zake za kichwani si nyuzi. Ni bapa, pana chini, zimechongoka juu kama upanga.

Nikasema labda nimemshika vibaya. Nikatoa mwingine. Mshazari. Mwingine. Mshazari.

Nikamgeuza chali. Hiki ndicho kipimo tulichofundishwa siku ya kwanza kabisa ya mafunzo, kabla hata ya chai: mgeuze, mwangalie kooni, katikati ya miguu ya mbele. Nzige wa jangwani ana kinundu pale, kama chuchu. Nzige mwekundu naye anacho. Kinaonekana hata kwa mtoto wake.

Hapakuwa na kitu. Laini.

Niliwageuza wote waliokuwa kwenye kichupa.

Panzi wa uso wa mshazari. Panzi wa kawaida wa majani! Hahami, hafuniki jua, hali shamba la mtu akamaliza. Anazaliwa kwenye majani, anakula majani kidogo, anakufa hapo hapo. Walikuwa wengi pale kwa sababu majani ya Yoramu yalikuwa mengi. Basi. Hakuna siri nyingine.

Na lenzi ilikuwa mfukoni siku ile. Mfukoni! Nilikuwa naigusa kwa vidole wakati mwenyekiti ananiuliza. Kwa nini sikuitoa? Najua kwa nini. Watu walikuwa wananirekodi. Ningepiga magoti kwenye majani, nigeuze mdudu, nikodoe jicho, watu wangesema mtaalamu mwenyewe anabahatisha. Niliona haya kuonekana sijui.

Haya! Kumbe sikuwa nimewahi kuionja.


Jumanne, 8 Julai

Nimemtumia picha Dokta Kornelia, aliyetufundisha. Sikumweleza kisa. Akajibu kwa sauti, mchangamfu kama kawaida: Hongera, picha safi! Hao ni panzi wa uso wa mshazari, wachanga bado, nitumie kama una waliokomaa nikupe jina kamili. Hawana madhara hao, Aikande, ni marafiki wa ndege.

Nimesikiliza mara nyingi, kama mtu anayebonyeza kidonda.


Alhamisi, 10 Julai

Nimemwambia bosi. Nilifunga mlango, nikaweka kichupa mezani, nikasema nilikosea, wale si nzige.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Akakitazama kichupa, akakisogeza pembeni kwa kalamu. Akaniuliza nani mwingine anajua. Nikasema hakuna. Akasema vizuri.

Kisha akaongea kama mzazi. Taarifa imeshapanda juu. Watu wa kule wana amani, wanaamini waliokoka. Ukienda kuwaambia waliunguza malisho yao kwa sababu ya panzi, utawasaidia nini? Majani yatarudi? Halafu sikiliza, Aikande. Siku nzige wa kweli wakija, na watakuja, ukiwaambia kimbieni, nani atakusikiliza?

Hilo la mwisho ni kweli, na ndilo linaloniuma, kwamba ameweza kuchukua jambo la kweli akalitumia kunifunika.

Nikatoka nikamshukuru. Nilimshukuru! Moyoni nilikuwa nimepoa kabisa, kama mtoto aliyeambiwa haendi kuchapwa.


Jumamosi, 12 Julai

Kuna kijana wa basi la Sanya Juu kanipigia: njoo stendi kuna mzigo wako. Kibuyu cha maziwa ya mgando, kimefungwa kwa kitenge. Kutoka kwa Mama Kindness. Kijana kasema mama kaagiza hivi: mwambie binti yetu asituone kimya, tumeyumba kidogo lakini tuko salama kwa ajili yake.

Kwa ajili yangu.

Nimekaa nacho kitandani kama mtu aliyepakata mtoto wa watu. Siwezi kunywa. Siwezi kumwaga, nitamwagaje maziwa ya mtu ambaye nimeteketeza majani yake? Mwishowe nimempa Hilda, jirani yangu wa chumba cha pili. Kayasifia sana. Kaniuliza ni ya nani. Nikasema ya shangazi.

Sasa nimemwongopea na Hilda.


Jumatano, 16 Julai

Nimempigia Mama Kindness kumshukuru. Nilijiambia nampigia kumshukuru tu.

Anasema mzee ameshahama na ng'ombe. Mapema mno, kwa kawaida hawatoki kabla ya Septemba. Kaelekea kaskazini, kutafuta palipo na majani. Ndama wadogo wamebaki na mama nyumbani kwa sababu hawawezi safari. Mtamba mmoja alianguka njiani, hakuinuka tena. Yule mwenye baka jeupe shingoni, anasema, ulimwona siku ile. Sikumwona. Nikasema pole mama. Akasema ndio hivyo mwanangu, tungekuwa wapi nzige wangetuingilia? Wangemaliza wote.

Ananifariji mimi!

Nimekata simu kabla sijamwambia kitu.

Bosi aliniuliza nitawasaidia nini nikiwaambia. Nimepata jibu, ingawa limechelewa. Mzee Yoramu yuko njiani anamzika ng'ombe huku ananibariki. Angalau asinibariki.


Alhamisi, 17 Julai

Niliomba ruhusa, nikapanda Machame. Baba kwanza. Sikutaka asikie kwa watu.

Alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Nikamweleza nikiwa nimesimama, yeye ameinama. Aliendelea kukata. Nikadhani hajasikia. Nikarudia: wale hawakuwa nzige, Baba, walikuwa panzi, nilisema bila kuwaangalia.

Akaacha panga. Akakaa kwenye jiwe.

"Mchungaji alinishika mkono," alisema. "Mbele ya watu wote."

"Najua, Baba."

"Na mimi nikawaambia jirani zetu wote."

"Najua."

Sijawahi kumwona Baba akiwa na haya. Ana aibu kama ya kijana, anaangalia vidole vyake. Na ni mimi niliyempelekea. Kuna watu wawili sasa katika familia yetu hawataki kwenda kanisani Jumapili.

Kisha akaniuliza wenye majani ni kina nani. Nilipomwambia mama ni wa Machame, mwenzetu, akajifunika uso. Akainuka, akaenda mpakani mwa kihamba, akarudi na jani la isale, lile la kuombea msamaha, bichi, refu. Nilinyoosha mkono nikitaka kusema nilipaswa kulikata mimi.

"Nimekata mimi," akasema. "Niliposimama kanisani nilisimama na wewe. Peleka. Na usitume mtu."

Mzazi wa Kichagga akikupa isale umpelekee uliyemkosea, hakuna tena maneno. Nimelikunja kwenye kanga, liko kwenye mkoba.


Ijumaa, 18 Julai

Naandika nikiwa kwa Mama Kindness, jikoni kwake, kwenye kigoda. Yeye yuko nje na ndama.

Sikuja na gari la ofisi. Nilipanda basi hadi Sanya Juu, kisha boda. Kutoka barabarani unaliona lile eneo, jeusi, la mraba, kama mtu kaweka kiraka chini. Ua la miiba nalo limeungua.

Mama alinipokea kwa furaha. Akaniwekea chai, akaomba radhi kwamba maziwa ni machache, ng'ombe wenye maziwa wamekwenda na mzee. Ndama walikuwa wamelala kivulini, mbavu unazihesabu. Anawapa mabua aliyoomba kwa watu.

Nilianza kwa Kiswahili. Nilikuwa nimejiandaa njiani: "mama, baada ya uchunguzi zaidi imebainika." Nikajisikia nikisema imebainika. Imebainika na nani? Nikaanza upya kwa Kimachame. Kwa Kimachame sina maneno ya ofisini. Nikasema: mama, sikuwaangalia. Niliwaambia ni nzige na sikuwaangalia. Walikuwa panzi.

Akaniambia nirudie.

Nikarudia. Nikatoa kichupa, nikamwonyesha kwa lenzi uso uliolala, nikamgeuza mmoja nikamwonyesha koo. Aliangalia kwa adabu tu, kama mtu anayeonyeshwa picha ya msiba.

"Hawa wangefanya nini?" akauliza.

"Hawangefanya kitu, mama. Wangekula kidogo."

"Kidogo."

"Ndiyo."

"Na ule upande wa bondeni niliokuuliza?"

Nikasema nao ungebaki. Wote ungebaki.

Akaweka kikombe chini. Hakulia, hakunitukana. Nilikuwa nangoja anitukane, nilikuwa nimeinamisha shingo kabisa. Nikafungua mkoba nitoe isale. Aliona ncha ya jani kabla sijalitoa. Mmachame haelezwi lile ni nini.

"Lirudishe," akasema.

"Mama, Baba yangu ndiye..."

"Nimeliona. Nikilipokea hilo nimekwisha kukusamehe, siwezi tena kusema neno. Mimi bado nina maneno. Na mwenye ng'ombe si mimi peke yangu." Halafu: "Mzee aliwasha kwa mkono wake. Unajua kwa nini? Alisema mtoto wa watu asibebe lawama, lawama ya moto iwe yangu."

Nikataka ardhi inimeze. Sijui kama kuna kilichobaki ndani yangu kisichoona haya.

Nikasema basi nitamsubiri mzee arudi, nitakuja tena. Akatikisa kichwa. Akasema mzee huwa anapanda kilimani jioni akishanywesha ng'ombe, ndipo simu yake inashika mtandao. Hupiga yeye mwenyewe. Utakaa hapa. Atakapopiga utapokea wewe.

Nikamwambia mama, sitaweza. Akasema uliweza kusema mbele ya kijiji kizima.

Kwa hiyo nimekaa. Nimemsaidia kuchota maji ya ndama. Mmoja kanilamba mkono, ulimi mkavu kama msasa. Bosi amepiga, sikupokea. Jua limeanza kushuka upande wa Longido na mlima nyuma yetu umefunguka wote, mweupe juu, na hakuna anayeutazama.

Nimepanga nitakavyosema. Nitaanza na shikamoo. Yeye ataanza na baraka, najua, ndivyo alivyo. Nimkatishe? Au nimwache amalize halafu...

Mama Kindness ameingia. Ameshika simu mbele yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba uji wa moto. Inaita. Ameiweka mapajani mwangu, juu ya ukurasa huu, na jina la mzee linawaka, na